TUPIME SAA NGAPI BAADA YA KULA?

Hotuba ya Mratibu wa Mradi wa Afya ya Jamii wa Dayosisi kwa wahudumu wa afya wa sharika na wanakikundi wanaoishi na kisukari



Tunawashukuru akina mama wa usharika huu kwa chai waliyotuandalia, ambayo safari hii imekuja na sukari pembeni, kila mtu ajihudumie. Hiyo peke yake ni dalili kwamba elimu inafika.

Tumeombwa tuzungumzie jambo linaloonekana dogo, yaani mtu mwenye kisukari aina ya pili apime sukari wakati gani baada ya kula. Tumelipokea kwa moyo wote, kwa sababu sisi watu wa mradi tulilikosea. Ni vema tuanze kwa kukiri.

Kosa letu

Tulipoanza kugawa mashine za kupimia sukari, moja kwa kila kikundi, tulifundisha hivi: "Pima asubuhi, kabla hujatia kitu mdomoni." Tukachapisha na madaftari yenye safu moja tu, safu ya asubuhi. Fundisho hilo halikuwa la uongo, ila lilikuwa nusu.

Katika kikundi kimojawapo alikuwapo mama mmoja, mwanakwaya wa siku nyingi. Kila mwezi alileta daftari safi: 6.2, 6.8, 6.5, 6.4. Tulimsimamisha mbele ya wenzake tukampigia makofi. Mwaka huohuo alipata kidonda mguuni, akafikiri ni kiatu. Kidonda hakikufunga. Alipofikishwa hospitalini walimpima kipimo kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa muda wa miezi mitatu hivi, kikaonyesha asilimia 8.4, wakati lengo kwa watu wengi ni chini ya asilimia 7. Daktari akaagiza apimwe baada ya chakula cha mchana. Ikawa 14.3.

Mama yule alikatwa vidole viwili vya mguu. Tulipokwenda kumjulia hali alituambia kwa upole, bila hasira: "Wanangu, daftari lilisema mimi mzima, mguu ukasema mgonjwa. Mimi nilisikiliza daftari."

Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba vidole vile vingepona kama angepima mapema baada ya kula. Kidonda cha mguu kina sababu nyingi. Lakini miezi mingi ilipita dawa haibadilishwi wala chakula hakiangaliwi, kwa sababu namba tulizokuwa tunazisifu zilikuwa za saa ambayo sukari yake huwa imetulia. Tangu siku ile madaftari yetu yana safu mbili.

Kwa nini sukari ya asubuhi haitoshi

Tukila ugali, wali, ndizi, viazi au mkate, wanga uliomo husagwa tumboni ukawa sukari na kuingia kwenye damu. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho hutoa insulini mara moja, na yakipita masaa mawili sukari yake kwa kawaida huwa chini ya 7.8. (Namba zote tunazotaja ni za milimoli kwa lita, ndizo zinazoonekana kwenye mashine zetu nyingi. Ukiona mashine inaandika 126 au 180, ujue inatumia kipimo kingine. Gawanya kwa 18.)

Kwa mwenye kisukari aina ya pili, kongosho huchelewa kuitikia, na hata insulini inapotoka, mwili hauitii vizuri. Hivyo sukari hupanda juu zaidi na hukawia kushuka. Usiku mzima mtu amelala bila kula, sukari hushuka polepole. Asubuhi mashine inaonyesha namba nzuri. Akila, inapanda tena. Mtu anayekula mara tatu kwa siku anaweza kuishi saa nyingi za mchana na jioni katika sukari ya juu bila kujua, hasa kwa kuwa sukari ya 13 au 14 mara nyingi haiumi popote.

Mwaka 2003 watafiti wa Montpellier, Ufaransa, walichapisha matokeo yanayotusaidia sana hapa. Waliona kwamba kwa wagonjwa ambao sukari yao ni mbaya sana, sehemu kubwa ya tatizo ni sukari ya wakati wa kutokula, ikiwamo ya asubuhi. Lakini kwa wale waliokwisha kukaribia lengo, sehemu kubwa ya sukari iliyobaki hutokana na ile inayopanda baada ya chakula. Kwa hiyo upo utaratibu. Kama asubuhi unapata 11 au 12, anza kwanza kuitengeneza asubuhi pamoja na daktari wako. Kama asubuhi ni nzuri lakini kipimo cha miezi mitatu bado kiko juu, au macho yanafifia, au vidonda haviponi, basi mwizi yuko mezani. Mtafute baada ya kula.

Na kumtafuta kuna faida. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka 1977 na kutangazwa mwaka 1998, uliofuatilia zaidi ya wagonjwa 5,000 wa kisukari aina ya pili, ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari vizuri zaidi kulipunguza madhara ya mishipa midogo, ile ya macho na figo, kwa robo. Hapa kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ndugu zetu, hilo si jambo la mjini peke yake. Ukihesabu watu wazima katika mabenchi ya ibada ya kwanza, mtajua tunasema habari za nani.

Muda wa saa mbili, na si "saa mbili"

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Jibu fupi ni hili: pima yakipita masaa mawili tangu ulipoanza kula.

Hapo pana mambo mawili ya kusisitiza. Kwanza, Kiswahili chetu kinaweza kutuponza. Baba mmoja aliambiwa na mhudumu wetu, "Pima saa mbili baada ya kula." Alitii. Kila siku, ikifika saa mbili kamili asubuhi, alipima. Alipokunywa chai saa moja alipima, na siku alipochelewa akanywa chai saa mbili kasorobo alipima vilevile. Namba zake zilikuwa zinarukaruka kama panzi, na hakuna aliyejua sababu mpaka tulipomwuliza. Walimu wa Kiswahili watusamehe, lakini katika semina hizi tutaendelea kusema "masaa mawili" ili kila mtu aelewe kwamba ni muda na si saa ya ukutani.

Pili, muda huo huhesabiwa tangu tonge la kwanza, si tangu ulipomaliza kunawa mikono. Sukari huanza kupanda dakika chache baada ya kuanza kula. Mtu akikaa mezani saa nzima kwenye kipaimara, kisha ahesabu masaa mawili tangu alipoinuka, anapima saa ya tatu, na atapata namba nzuri isiyosema kweli.

Kwa wengi wenye kisukari aina ya pili, sukari hufika kileleni kati ya saa moja na saa moja na nusu hivi tangu kuanza kula. Yakitimia masaa mawili inatakiwa iwe inashuka. Ndiyo maana Chama cha Kisukari cha Marekani huelekeza kupima kati ya saa moja na masaa mawili tangu kuanza kula, na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, lilitaja muda huohuo. Sisi tumechagua masaa mawili kwa sababu ni rahisi kukumbuka na kwa sababu namba ya masaa mawili ya leo inaweza kulinganishwa na ya wiki ijayo. Kubwa ni kutobadilisha. Ukipima leo baada ya dakika arobaini na kesho baada ya masaa matatu, umelinganisha ndizi na maharage.

Kwa asiye na saa ya mkononi, tumieni redio. Ukianza kula chakula cha jioni taarifa ya habari ya saa 2 usiku inapoanza, pima saa 4 kamili. Wenye simu, tegeni kengele mnapoketi, kabla ya sala ya chakula. Ukisubiri baada ya sala utasahau.

Ipo hali moja ya kuangalia. Chakula chenye mafuta mengi, kama chipsi mayai, au pilau ya nyama iliyonona, husagwa polepole. Sukari yake inaweza kuchelewa kupanda na kukaa juu hata baada ya saa tatu. Ukila chakula cha namna hiyo na namba ya masaa mawili ikakushangaza kwa uzuri, pima tena yakitimia matatu kabla hujamshukuru mpishi.

Ukipima mapema mno

Wako pia wanaokosea upande wa pili. Mzee mmoja wa kanisa alikunywa chai yenye sukari na maandazi mawili, na baada ya nusu saa akapima kwa mashine ya mwanawe. Ikasoma 13.8. Alishtuka. Akaongeza kidonge kimoja cha glibenklamidi juu ya kile cha kawaida, na kwa hofu akaacha kula mchana. Alasiri, katikati ya kikao cha baraza la wazee, alianza kutoka jasho na kusema maneno yasiyoeleweka. Wenzake walidhani ana malaria. Mmoja alianza kuomba. Ashukuriwe Mungu, mke wa mwinjilisti aliwahi kuhudhuria semina kama hii. Mzee alikuwa bado anaweza kumeza. Akampa maji yenye sukari, kisha wakampeleka hospitalini, ambako alilazwa mpaka kesho yake.

Mzee yule alipima wakati sukari ya mtu yeyote mwenye kisukari inapanda kwa kasi, kisha akajitibu kwa namba moja. Tunawasihi: msibadilishe dawa kwa namba moja, na msibadilishe dawa bila kuongea na mtaalamu. Namba moja inakupa tu sababu ya kupima tena.

Tunalenga namba gani?

Kwa watu wazima walio wengi, wasio wajawazito, Chama cha Kisukari cha Marekani kinalenga kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10.0 baada ya kula. Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa tulioutaja uliweka chini ya 9.0 baada ya kula. Katika mradi wetu tunasema hivi: ukiwa chini ya 9 baada ya masaa mawili, mshukuru Mungu, kati ya 9 na 10, angalia sahani yako, ukizidi 10 mara kwa mara, nenda na daftari kliniki.

Malengo hayo si sheria ya Musa. Mzee wa miaka 80 anayeishi peke yake, au mtu ambaye sukari yake hushuka ghafla, daktari anaweza kumlegezea. Mama mjamzito mwenye kisukari hubanwa zaidi: lengo lake la kawaida ni chini ya 7.8 baada ya saa moja, au chini ya 6.7 baada ya masaa mawili, na huyo lazima afuatiliwe kliniki, si kikundini.

Kumbukeni pia kwamba mashine hizi si mizani ya sonara. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinaruhusu mashine kupishana na maabara hadi asilimia 15 juu au chini kwa sukari isiyo ya chini sana. Kwa hiyo 9.4 na 10.1 zinaweza kuwa sukari ileile. Msigombane na wake zenu kwa ajili ya nukta saba.

Stripu ni chache: nani apime, na mara ngapi?

Tunajua mnachofikiri. Stripu, vile vikaratasi vya kuwekea damu, ni ghali, na wengi mnanunua kwa fedha ya mfukoni. Hatuna haki ya kumwambia mjane auze kuku ili apime mara saba kwa siku.

Tena kuna ukweli ambao ni vema tuuseme wazi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika North Carolina, Marekani, kwa wagonjwa 450 wa kisukari aina ya pili wasiotumia insulini. Waliopima kila siku nyumbani, baada ya mwaka mmoja, hawakuwa na sukari nzuri kuliko wasiopima. Maana yake nini? Kupima peke yake hakutibu. Anayepima, akaandika, akafunga daftari, amepoteza stripu. Kipimo kinakuwa na thamani pale tu kinapojibu swali na kuleta badiliko.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi:

1. Wanaotumia insulini wapime kama walivyoelekezwa na kliniki. Hao ndio wa kwanza kupewa stripu za kikundi.

2. Wanaotumia glibenklamidi na dawa za jamii yake wapime wanapoona dalili za kushuka kwa sukari, wanapougua, na dawa inapobadilishwa.

3. Wanaotumia metformini peke yake, na hali yao imetulia, hawana haja ya kupima kila siku. Wapime kwa makusudi, kwa wiki moja au mbili kabla ya kwenda kliniki.

4. Kila mmoja anapopima kwa makusudi apime jozi: kabla ya kula, na masaa mawili baada ya kuanza kula chakula hichohicho.

Jozi ndiyo siri. Mtu akikuambia "nilipata 11 baada ya kula", hujui kama chakula ndicho kilichompandisha au alianza akiwa 10. Lakini akisema "kabla 6.5, baada 11.5", umejua chakula kile kimempandisha kwa 5. Tumekubaliana na daktari wetu kwamba chakula kikipandisha kwa zaidi ya 3 hivi, tukiangalie.

Jumatatu pima jozi ya chai ya asubuhi, Jumatano jozi ya mchana, Ijumaa jozi ya jioni. Hizo ni stripu sita kwa wiki. Kwa wiki mbili kabla ya kliniki ni stripu kumi na mbili, na daktari anayaona maisha yako yote ya siku.

Namna ya kupima

Nawa mikono kwa maji na sabuni, ukaushe. Hili si la usafi tu. Mtu aliyemenya embe au ndizi mbivu, akapima bila kunawa, anapima sukari ya tunda lililo kidoleni. Tumeona mama akisoma 17 kumbe ni embe.

Toboa pembeni ya kidole, si katikati, ambako kunauma zaidi. Usikamue kwa nguvu. Shusha mkono chini, subiri tone. Angalia tarehe ya mwisho ya stripu. Funga kopo mara moja, usiliache juani wala karibu na jiko. Joto na unyevu huziharibu.

Na hili tunalisema kwa herufi kubwa: SINDANO YA KUTOBOLEA HAIAZIMWI, hata kwa mume na mke. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B huweza kupita hapo. Kila mtu sindano yake, na zilizotumika ziwekwe kwenye chupa ngumu ya plastiki na kurudishwa zahanati.

Ukishapata namba, ufanye nini?

Hapa ndipo mama yule wa kwaya alipotufundisha mara ya pili. Alipotoka hospitalini aliomba stripu akapima jozi kwa wiki mbili. Asubuhi kwa chai isiyo na sukari na kiazi kitamu kimoja, alipanda kidogo. Jioni kwa mtori, alipanda kiasi. Mchana kwa ugali wa sembe, kipande kikubwa cha kushibisha mkulima, alipanda kwa zaidi ya 6. Alikuwa ameacha soda, asali na keki kwa miaka, kumbe mlima wake ulikuwa kwenye sahani ya mchana.

Hakuacha ugali. Alifanya mambo matatu. Alipunguza ugali ukawa kiasi cha ngumi yake, wa dona badala ya sembe. Alijaza nusu ya sahani mboga za majani, na akaanza kula mboga na maharage kabla ya kushika ugali. Tatu, baada ya kula hakulala kwenye mkeka. Alitembea polepole kwenda kwa jirani na kurudi, kwa kiatu kizuri ambacho kliniki ilimwelekeza baada ya kidonda kupona.

Kutembea huko si hadithi. Watafiti wa Otago, New Zealand, mwaka 2016, waliwapima watu 41 wenye kisukari aina ya pili. Walipotembea dakika 10 baada ya kila mlo mkuu, sukari baada ya kula ilikuwa chini kwa wastani wa asilimia 12 kuliko walipotembea dakika 30 mara moja kwa siku wakati wowote. Baada ya chakula cha jioni tofauti ilifika asilimia 22. Hiyo ni dawa isiyouzwa dukani. Lakini mwenye kidonda mguuni asianze kutembea mpaka aruhusiwe.

Baada ya mwezi mmoja mama alipima jozi ya mchana tena: kabla 6.6, baada 9.2. Daktari naye alikuwa ameongeza dawa. Hatusemi ni ugali peke yake uliofanya kazi. Tunasema sasa daktari, mama na jiko walikuwa wanasoma namba moja.

Tahadhari

Sukari ikishuka chini ya 4, usisubiri masaa mawili wala dakika mbili. Chukua vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado, rudia. Ikipanda, kula chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na aliyeshuka kwa sababu ya glibenklamidi aonwe na mtaalamu hata akipata nafuu, maana sukari yake inaweza kushuka tena baada ya masaa kadhaa.

Sukari ikizidi 15 mara kwa mara kwa siku mbili, au mtu akiwa na sukari ya juu pamoja na kutapika, kusinzia au kupumua kwa haraka, aende hospitali siku hiyohiyo.

Wachungaji wetu, tunaomba ridhaa ya kusema jambo la kanisani. Wakati wa Kwaresima na maombi ya mnyororo, watu wetu hufunga. Anayetumia insulini au glibenklamidi asifunge kabla ya kuongea na daktari. Tunaomba mlitangaze madhabahuni, maana mgonjwa akiambiwa na muuguzi anafikiri ni imani haba, lakini akiambiwa na mchungaji anajua si dhambi. Na pale muujiza unapotangazwa, mgonjwa asitupe dawa njiani. Wengi wetu tunaikumbuka misururu ya magari kuelekea Loliondo mwaka 2011. Aliyeponywa na Mungu haogopi kupimwa. Apime kabla ya kula, apime na masaa mawili baadaye, na daktari ndiye aseme dawa ipunguzwe. Hata Mtume Paulo alimshauri Timotheo juu ya tumbo lake, wala hakumwona amepungukiwa imani.

Tunaomba nini kwenu?

Kila usharika uwe na mtu mmoja anayejua kufundisha jozi. Kila kikundi kikague madaftari yake: yale yenye safu moja, pigeni mstari wa pili kwa mkono, msisubiri tuchapishe mapya. Katika sherehe za usharika, ratiba iwe na chakula kwa saa inayojulikana. Mtu aliyekunywa dawa saa sita akaletewa pilau saa kumi, tumemhatarisha sisi wenyewe. Na kila mkutano wa kikundi uanze na kuvua viatu na kukaguana miguu.

Tumalizie kwa habari mnayoijua. Yule Msamaria alifunga majeraha ya mtu aliyeokotwa njiani, akampeleka nyumba ya wageni, akatoa fedha. Wengi huishia hapo wanapohubiri. Lakini aliahidi pia kwamba atapita tena kuona gharama iliyozidi. Sisi mara ya kwanza tuligawa mashine, tukapiga makofi, tukaondoka. Hatukurudi kuuliza imekuwaje baada ya kula.

Mama yule yuko pamoja nasi leo, ameketi pale na wenzake wa sauti ya pili. Ametupa ruhusa kuisimulia habari yake bila jina. Tulianza chakula saa 7 na robo. Saa 9 na robo tutasimama kidogo, kila mwenye mashine apime, na tutayafungua madaftari pamoja.